Asubuhi Saba za Kipimajoto

Trei ya tatu ilikuwa nzito kuliko zile mbili za kwanza. Profesa aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza taratibu mpaka upande uliokuwa dirishani ukaja ukutani. Miche kumi na miwili ya kabichi ikatikisika, kisha ikatulia. Ilikuwa imeinama yote kuelekea kwenye mwanga, kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani.

"Usiiburute," mama alisema. "Inua."

"Nimeinua, mama."

"Umeinua nusu. Nusu nyingine umeburuta, nimeisikia."

Mama alikuwa ameketi katikati ya chumba, mguu wake wa kulia juu ya kiti cha pili, umefungwa plasta kuanzia vidoleni hadi gotini. Hiyo ilikuwa wiki ya nne. Aliteleza kwenye ngazi za mlango wa nyuma, asubuhi moja ambayo maji yaliyomwagika jioni yalikuwa yamegeuka barafu. Daktari alisema wiki nane. Baba akasema kwamba kwa wiki hizo nane zote, mlango wa nyuma utakuwa wa kutazamwa tu.

Basi mama akawa mtu wa chumba kimoja chenye dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama barabarani. Bustani yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Aliyezoea kuingia humo kabla hata ya kunywa chai, sasa alikuwa akiulizia matuta yake kama mtu anayeulizia ndugu waliosafiri. Spinachi imepona? Vitunguu vimefunikwa? Nani alikanyaga kwenye karoti?

"Trei sita zimekwisha, mama."

"Zote sita? Ahsante, Profesa wangu."

Jina hilo alipewa na mdogo wake, kwa sababu hakutoka nyumbani bila daftari. Mdogo wake naye aliitwa Goti. Alikuwa na miaka tisa, na haikupita wiki bila goti lake moja kufungwa kitambaa.

Miche ile sabini na miwili ilikuwa na historia yake. Mbegu zilitoka katika pakiti moja, na mama aligawana na mdogo wake wa kike, yaani mama mdogo wa akina Profesa, ambaye aliishi mji wa bondeni, safari ya siku nzima kutoka pale. Huko bondeni ni joto mwaka mzima. Msimu wa baridi ndio wakati pekee kabichi inapofunga vizuri. Miezi mingine jua huikausha kabla haijakua. Huku mlimani ni kinyume. Msimu wa baridi ndio unaoogopwa. Umande huganda juu ya majani ukawa mweupe, ndiyo jalidi, na mche mchanga ukipigwa na jalidi usiku mmoja tu, asubuhi umekwisha. Dukani mbegu za aina ile zilikuwa zimeisha. Miche ikifa, isingepatikana mingine mpaka mwaka ujao.

Kwa hiyo mama alikuwa na sheria yake. Miche haitatoka nje mpaka zipite asubuhi saba mfululizo bila joto kushuka chini ya nyuzi nne. Kipimajoto kilining'inia kwenye mti mfupi uliochomekwa kati ya matuta. Ilibidi kisomwe kabla ya jua kutoka, kwa sababu hiyo ndiyo saa baridi inapokuwa kali kuliko zote. Baba alikuwa mwokaji mikate. Saa hiyo alikuwa tayari kazini mbele ya tanuri, na aliporudi jua lilikuwa limepanda.

"Basi ni wewe," mama alimwambia Profesa. "Miguu yako, macho yako, halafu niletee namba. Mimi nitafikiri nikiwa hapa kitini."

Siku tisa za kwanza Profesa alifanya kama alivyoambiwa. Aliamka, akavaa sweta mbili, akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta, akasoma, akaandika. Asubuhi hizo zilikuwa za mawingu mazito. Aliona nyuzi tano, sita, mara moja tatu.

Kila asubuhi pia, simu ya mama ilitoa sauti ya mama mdogo, ambaye hakujua kuongea polepole.

"Dada yangu uliyehamia kwenye friji, umeamkaje? Huku leo nyuzi kumi na sita! Tumevaa masweta, tunatetemeka!"

"Kumi na sita anatetemeka," mama alisema huku akicheka. "Aje huku atajua kutetemeka."

Profesa aliandika namba za mama mdogo pembeni mwa zake, kwa sababu alipenda kurasa zilizojaa. Hapo ndipo alipoligundua jambo. Bondeni kumi na sita, kwao sita. Bondeni kumi na tano, kwao tano. Karibu kila siku tofauti ilikuwa kumi. Alijivunia ugunduzi huo peke yake, kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani.

Jumamosi moja aliamka, akagusa sakafu kwa kidole cha mguu, akakirudisha haraka ndani ya blanketi. Chumba cha pili sauti ya mama mdogo ilikuwa inapiga kelele: "Kumi na sita tena!" Profesa akatoa kumi kichwani. Akachukua daftari chini ya mto na kuandika: sita.

Hakudhani kwamba anadanganya. Alidhani anahesabu.

Jumapili aliandika tano. Jumatatu sita. Jumanne saba. Kitu pekee alichobakiza ni kwenda kufunua matuta ya spinachi kabla ya shule, wakati jua lilikuwa tayari limeyafikia na kila kitu kikionekana kibichi na chenye maji.

Jumatano, wakati wakivaa kwenda shule, kabla Profesa hajaenda kufunua spinachi, Goti alimtazama miguuni.

"Dada."

"Nini?"

"Viatu vya bustani vimekauka."

"Kwa hiyo?"

"Mtu akitembea kwenye nyasi asubuhi viatu vinalowa. Vyako vimekauka kama mkate wa juzi. Unasoma kipimajoto ndotoni?"

"Funga kamba zako, utaanguka tena."

Goti akafunga kamba. Alikuwa akitabasamu upande mmoja wa mdomo, na Profesa aliliona tabasamu hilo darasani siku nzima, hata pale ambapo Goti hakuwepo.

Alhamisi jioni mama alilichukua daftari akausoma ukurasa ule kwa kidole. Sita, tano, sita, saba, sita, tano. Uso wake ukafunguka. Profesa hakuwa ameuona uso huo tangu siku ya kuanguka.

"Baba yao, njoo uone! Bado asubuhi moja tu. Jumamosi tunapanda."

"Una hakika?" baba aliuliza. Alikuwa na unga nyusini, kama kawaida yake. "Huko nje naona baridi bado ina meno."

"Wewe unatoka ukiwa na usingizi, unarudi ukiwa na usingizi. Mtoto ameandika. Jumamosi naomba uchimbe mistari, na mimi unibebe mpaka mlangoni. Sitashuka ngazi. Nitakaa tu niangalie."

Profesa alisimama na sahani mkononi. Alitaka kusema neno, lakini neno lenyewe lilikuwa refu mno. Lingeanza na Jumamosi iliyopita na kupita katika siku zote sita, moja baada ya nyingine, mama akimtazama. Akaenda kuosha sahani ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa aliamka kabla ya simu. Alivaa, akafungua mlango wa nyuma, na baridi ikamshika puani. Mbingu ilikuwa tupu, haina hata wingu moja. Nyasi zote zilikuwa nyeupe. Alipokanyaga, zilitoa sauti ya kukatika chini ya viatu. Mashuka yaliyofunika spinachi yalikuwa yamekuwa magumu kama mbao. Akainama mbele ya kipimajoto, akakisoma, akafuta kioo kwa kidole, akakisoma tena.

Nyuzi mbili chini ya sifuri.

Alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akafikiri kwamba mlango wa kutokea ameupata. Leo ataandika ukweli. Mama ataona namba mbaya, ataahirisha, na hakuna atakayehitaji kujua lolote kuhusu siku nyingine.

Mama aliitazama namba ile kwa muda mrefu.

"Chini ya sifuri? Jana tano, leo chini ya sifuri?"

"Ndivyo nilivyoona, mama. Nimesoma mara mbili."

"Sikatai kwamba umeona. Nakataa kipimajoto." Akainua sauti. "Goti! Hebu njoo hapa. Mpira wako umeugusa ule mti wa kipimajoto?"

Goti alitokea na mswaki mdomoni. "Mara moja tu. Na uligusa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Uliinama halafu ukasimama tena."

"Basi umekiharibu. Siku sita namba nzuri, mpira unapiga, namba inaanguka. Mpira huo ulete hapa, utakaa juu ya kabati mpaka mwisho wa muhula."

"Mama! Nilipiga wiki iliyopita!"

"Leta mpira."

Goti aliuleta. Alipopita mbele ya dada yake alimtazama miguuni tena, pale ambapo viatu sasa vilikuwa vimelowa hadi juu, halafu akamtazama usoni. Safari hii hakutabasamu.

"Siku sita dhidi ya moja," mama alisema akilifunga daftari. "Kipimajoto kibovu hakisomwi tena. Tunapanda kesho."

Ukweli aliousema Profesa ulikuwa umegeuka uongo mbele ya macho yake, kwa sababu ya uongo uliotangulia. Tena uongo huo ulikuwa umemnyang'anya mdogo wake mpira. Kila mlango aliojaribu kutokea ulifunguka kuelekea ndani ya chumba kilekile, na kila mara chumba kilikuwa kimepungua ukubwa.

Jumamosi alasiri baba alimbeba mama mpaka kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, akamweka kwenye kiti, akamzungushia blanketi. Mama aliyatazama matuta yake moja moja.

"Karoti zimekanyagwa," alisema mwishowe.

"Huyo ni paka," Goti alijibu upesi.

"Paka anayevaa raba."

Baba akacheka, akashika jembe. Alichimba mistari, Goti akabeba maji kwa keni, Profesa akatoa miche kwenye trei mmoja mmoja na kumpa baba, ambaye aliitia shimoni na kuishindilia udongo kwa vidole vilevile vilivyozoea kukanda unga. Mstari wa kwanza, miche tisa. Wa pili, tisa. Jua lilianza kushuka nyuma ya paa la jirani na kivuli kikatambaa juu ya udongo.

Mama aliinua macho. "Mbingu hii tupu, bila wingu, siipendi," alisema, kama anayejisemea. "Ningekuwa natoka mwenyewe ningesubiri. Ila namba ni namba."

Profesa alikuwa na mche wa kumi na tisa mkononi. Mizizi yake ilikuwa myeupe na myembamba, imeshika donge dogo la udongo lenye joto la chumbani. Baba alinyoosha mkono kuupokea. Yeye hakuutoa.

"Lete, mwanangu."

"Baba, usipande."

"Kuna nini?"

Aligeuka mlangoni. "Mama, namba si namba. Zile sita sikuziona. Niliziandika kitandani."

Keni ya Goti ilidondosha maji, tone, tone.

"Sema tena, polepole," mama alisema.

Akasema tena. Alieleza habari ya kumi, jinsi alivyoigundua, na jinsi alivyokuwa anatoa kumi kwenye namba za mama mdogo. Alisema kwamba asubuhi pekee aliyotoka kusoma wiki hiyo ilikuwa jana, na kwamba jana nyasi zilikuwa nyeupe. Na kwamba mpira haukuwa na kosa.

"Wiki nzima?" baba aliuliza. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini jembe alilipiga ardhini likasimama lenyewe.

"Siku sita, baba."

"Nilikwambia viatu vimekauka," Goti alisema. "Sasa mpira wangu—"

"Goti, subiri," mama alisema. Alikuwa ameshika mikono ya kiti kana kwamba anataka kusimama, na mguu haukumruhusu. Akavuta pumzi. "Mingapi iko ardhini?"

"Kumi na minane."

"Jua limebaki kiasi gani, baba yao?"

"Saa moja. Labda pungufu."

"Basi hasira zitasubiri, jalidi haisubiri. Tukiing'oa tena leo tutaikata mizizi. Hii kumi na minane tutaifunika hapohapo. Mingine irudi ndani. Goti, chupa zote za plastiki zilizoko stoo, baba akate vitako. Profesa, beba trei."

Walikimbia. Chupa zilikuwa kumi na moja tu. Goti akaleta ndoo yake ndogo bila kuombwa, jirani fundi cherehani akarusha makopo mawili juu ya ukuta baada ya kuuliza kama kuna moto, na baba akakumbuka mikebe minne ya kuokea mikate aliyokuwa ameileta nyumbani kuitengeneza. Kila mche ukapata kofia yake. Juu ya kofia hizo wakatandaza mashuka, wakayakandamiza kwa mawe pembeni. Bustani ilionekana kama jiko lililohama nyumba.

Walipoingia ndani na kipimajoto, mama alitaka glasi ya maji na barafu iliyopondwa kutoka kwenye friji. Akakitumbukiza kipimajoto na kusubiri. Mstari mwekundu ulishuka ukasimama kwenye sifuri barabara.

"Maji yenye barafu ni sifuri popote duniani," alisema. "Kipimajoto ni kizima. Goti, mpira wako uko juu ya kabati, na mimi nakuomba radhi."

"Nimekusamehe, mama," Goti alisema kwa heshima kubwa, halafu akapanda kiti haraka kabla ya mtu kubadili mawazo.

Jumapili, kabla ya jua, Profesa alisimama tena mbele ya kipimajoto: nyuzi tatu chini ya sifuri. Alirudi akaisema namba hiyo kwa sauti. Mama alikuwa macho, amekaa kitandani, anasubiri. Hakuuliza mara mbili.

Jua lilipoyeyusha weupe, wote walifunua miche. Chini ya chupa, majani yalikuwa mabichi, yamelowa. Chini ya ndoo, salama. Chini ya makopo mawili ya fundi, ambayo yalikuwa mafupi mno, majani yaliyogusa bati yalikuwa yamekuwa meusi na laini. Miche miwili imekufa, kumi na sita imepona.

Profesa aliibeba ile miwili mpaka chumbani kwa mama, kwenye kiganja.

"Kaa," mama alisema. "Leta daftari."

Alilifungua kwenye ukurasa ule. Profesa alishika kona yake ili auchane.

"Usichane. Ukichana, kesho kutwa nitaona namba nzuri za mwanzo na za mwisho, nitadhani katikati nako kulikuwa kuzuri. Piga mstari mmoja juu ya kila namba, isomeke bado. Pembeni andika: sikuangalia."

Profesa akaandika. Sikuangalia. Mara sita. Ya nne ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Hesabu yako haikuwa ya kijinga," mama aliendelea. "Siku za mawingu ilikuwa kweli, kwa sababu mawingu hutufunika kama blanketi. Mbingu ikiwa tupu, joto lote la ardhi huondoka usiku, na huku mlimani huondoka haraka kuliko kule kwa mama yako mdogo. Hukuweza kujua hilo ukiwa kitandani. Hata mimi nikiwa kitini nisingejua. Ndiyo maana tunatoka kuangalia."

"Niliogopa kukwambia, mama. Siku ya kwanza ingekuwa rahisi."

"Najua. Na kuna siku nyingine utashindwa kuamka. Mtu huchoka, mtu huumwa. Siku hiyo acha nafasi wazi. Nafasi wazi ingeniambia kwamba sijui, nami ningesubiri. Ile sita yako iliniambia kwamba najua, nikapanda. Mtu asiye na jibu husaidiwa, mwanangu, lakini mwenye jibu la kubuni huwapoteza wote wanaomwamini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na ulisema mwenyewe, mche ukiwa mkononi, watu wote wakikutazama. Hilo nalo nimeliandika. Haya, futa uso, kuna kazi."

Kazi ilikuwa ya kujenga kibanda kirefu cha plastiki, chenye fito zilizopindwa, ili plastiki isiguse majani. Mama alielekeza kutoka mlangoni, baba akapinda fito, Goti akashikilia ncha akilalamika kwamba zinamchapa. Zilihitajika fito tano. Ya kwanza ilivunjika wakaanza upya. Kufikia jioni tatu zilikuwa zimesimama, na ya nne ilikuwa imechomekwa upande mmoja tu.

"Acheni hapo," mama alisema. "Vivuli vimefika. Rudisheni chupa na ndoo, mikebe pia. Makopo yale msiyaguse."

"Imebaki kidogo tu, mama."

"Itabaki kidogo hata kesho."

Walifunika miche kumi na sita, wakaiacha fito ya nne ikiwa inachezacheza hewani. Profesa aliketi kwenye ngazi ya juu, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe ya kesho. Mbele yake hakuandika kitu.